Shabiki wa Kebirigo Akuchanue: Komedi za Kuskiza, Muvi za Kucheki, Ngoma za Kudunda na Utani Mmoja wa Kuacha

Msomaji wangu, tuanze na ukweli. Ukiskia mtu ametoka Kebirigo, kitu ya kwanza inakuja kwa akili yako si podikasti. Labda ni majani chai. Labda ni ndizi. Ama hujawahi skia hiyo place na unadhani ni jina la dawa ya kikohozi. Hakuna ubaya. Hii makala iko hapa ndio ukimaliza ujue vitu tatu: komedi ya kuskiza ukiwa kwa matatu, muvi za kucheki na mbogi, na ngoma za kuweka siku ya harusi. Nitakupea pia historia kidogo, juu huwezi sema unapenda kitu na hujui imetoka wapi.

Kuna kitu ya nne nitakuambia karibu na mwisho. Hiyo haichekeshi. Usiruke.

Kebirigo ni wapi, kwanza?

Kebirigo ni soko ndani ya kaunti ya Nyamira, upande wa West Mugirango, si mbali na Nyamira mjini. Ni milima, baridi ya asubuhi, na chai mpaka macho yachoke. Kuna kiwanda cha chai cha Kebirigo, chini ya KTDA, na ukilelewa hapa unajua kalenda mbili: ya shule na ya bonasi. Bonasi ikiingia, mara nyingi mwezi wa kumi, ndio utaona TV mpya, redio mpya, simu mpya. Kwa hivyo burudani ya hapa inaendeshwa na majani. Mwaka bei ikiwa poa, kila boma liko na sauti. Mwaka bei ikianguka, tunarudi kuskiza redio ya jirani kupitia kwa ua.

Lugha ni Ekegusii nyumbani, Kiswahili sokoni, Kizungu shuleni, na Sheng kwa kila mtu amewahi kaa Nai hata wiki mbili. Redio za nyumbani ni Egesa FM na Minto FM, zote za Ekegusii. Hizo ndizo zimelea masikio yetu kabla simu haijakuja.

Komedi: ilitoka mbali kabla ya TikTok

Wengi wa rika letu wanadhani komedi ya Kenya ilianza na Churchill Show. Zi. Wazae wetu walikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa KBC. Mzee Ojwang, jina lake halisi Benson Wanjau, alichekesha hii nchi miaka na miaka. Cheki hilo jina tena: Wanjau. Msee wa jamii moja akiongea kwa lafudhi ya jamii ingine, na Kenya nzima ikilala chini kwa kicheko. Hiyo formula ya lafudhi shikilia hapo, tutairudia.

Mwisho wa miaka ya 90 wakaja Redykyulass. Walikuwa watatu: Walter Mong'are tunayemjua kama Nyambane, Tony Njuguna, na John Kiarie, yaani KJ. Walianzia chuo, Kenyatta University, kisha wakaingia TV ya Nation. Walichofanya ni noma hata ukiwaza leo: waliiga Rais Moi akiwa bado Ikulu. Si baada ya kustaafu. Akiwa hapo hapo kwa kiti. Kama uko na miaka 20, huwezi jua hiyo ilikuwa na uzito gani, lakini uliza mathe ama buda yako watu walikuwa wanaongea siasa kwa sauti gani miaka ya 80. KJ baadaye alichaguliwa mbunge wa Dagoretti South mwaka wa 2017. Nyambane akaendelea na redio, na siasa pia akaigusa.

Maoni yangu, na unaweza kunipinga: Redykyulass ndio wakali wa wakati wote, na si juu Nyambane ni wetu wa Gusii. Ni juu walirusha mawe juu. Walicheka mtu mwenye angeweza kuwafanya kitu. Ukitaka kupima mchekeshaji, usihesabu vicheko. Angalia anacheka nani.

Sasa hapa watu huchanganya, kwa hivyo weka hii kwa kumbukumbu. Nyambane wa Redykyulass ni Walter Mong'are. Kuna Nyambane mwingine, Emmanuel Makori Nyambane, huyo ndiye Ayeiya wa Churchill Show. Ayeiya alifariki Aprili 2015 kwa ajali ya barabara Nairobi. Mwaka huo huo, Julai, Mzee Ojwang naye akatuacha. Mwaka mmoja, tukapoteza babu wa komedi na kijana wa komedi. Mimi nilikuwa nacheki Ayeiya kwa TV ya hoteli moja sokoni, ile ya chai na mandazi, na siku ya habari hiyo ile hoteli ilinyamaza mpaka ungeskia kijiko kikigonga kikombe. Hapo ndio nilijua komedi si mchezo. Mtu hujamuona hata siku moja, na unamlilia.

DJ Afro: podikasti kabla ya podikasti

Sasa nikuambie kitu wasomi hawatakuambia. Podikasti ya kwanza ya Kebirigo haikuwa kwa Spotify. Ilikuwa kwa CD ya shilingi hamsini, na jina lake ni DJ Afro.

Kama hujui: DJ Afro anachukua muvi ya Kihindi, ya kung fu ama ya Marekani, anapunguza sauti yake, kisha anaongea juu yake kwa Kiswahili na Sheng. Hatafsiri. Anaisimulia upya. Anapatia waigizaji majina ya mtaa, anawasema, anakuambia nani atakufa kabla hajakufa. Ukiskia tu bila kucheki screen, bado unashiba. Sasa niambie, hiyo si podikasti ni nini?

Na si yeye peke yake. Hii ni mila ya Afrika Mashariki nzima. Tanzania walikuwa na Lufufu, sauti nzito, mpaka leo wazee wa Dar wakiitaja wanacheka. Uganda wanawaita VJ, na VJ Jingo ni jina kubwa huko. Halafu kuna wale wa Wakaliga, Kampala, chini ya Nabwana IGG, waliotoa Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010. Hapo VJ Emmie anaongea juu ya muvi yao wenyewe, anaisifu, anaipigia kelele, anakukumbusha unatazama muvi. Dunia nzima iliipata kwa intaneti ikashangaa. Sisi hatukushangaa. Sisi tulikuwa tumekaa kwa hiyo benchi ya video tangu darasa la tatu.

Kwa hivyo mtu akikuambia podikasti ni kitu ya watu wa Kilimani na maikrofoni ya pesa mingi, mwambie atulie. Kuongea juu ya kitu mpaka kiwe kitamu kuliko kilivyokuwa, hiyo tuliifanya kitambo.

Podikasti za kuskiza saa hii

Haya, twende kwa orodha. Hii ni yangu, si ya kamati.

Abel Mutua. Wengine wanamjua kama Freddie wa Tahidi High, wengine kama Mkurugenzi. Stori zake kwa YouTube ni darasa. Anakaa tu, anaanza na "kuna siku," na saa moja imeisha. Siri yake ni kwamba anajicheka mwenyewe kwanza kabla hajamcheka mtu. Kama unaanza leo, anza hapa.

Iko Nini ya Mwafreeka. Hii ni ya wapenzi wa rap na stori ndefu. Ni ndefu kweli, lakini ukiwa unachuma majani ama unaosha magari, urefu ni baraka.

Mic Cheque. Ni kelele ya marafiki wamekaa pamoja. Siku zingine inabamba, siku zingine unajiskia kama umekaa meza ya watu hujui. Chagua kipindi kwa kichwa chake, usifuate tu mpangilio.

Mantalk.ke ya Eli Mwenda na Oscar Koome. Ni wanaume wanaongea juu ya kuwa mwanaume bila kupigana. Kuna jokes, lakini utatoka na swali moja mfukoni. Kwa kijana wa ocha mwenye ameambiwa tangu utotoni mwanaume halii, hiyo ni dawa.

Legally Clueless ya Adelle Onyango, ilianza 2019. Si komedi. Nimeiweka juu watu wa kawaida wanapewa nafasi waseme stori zao, na kicheko cha kweli huwa karibu sana na machozi.

Ukitaka za majuu, kuna Conan O'Brien Needs a Friend, iko tangu 2018, na What Now? ya Trevor Noah, iko tangu 2023. Conan ni wa kucheka. Trevor ni wa kucheka na kuwaza.

Malalamishi yangu ni mawili. La kwanza: karibu zote zinaishi Nairobi. Foleni ya Thika Road, kodi ya nyumba, deti za Westlands. Sawa, lakini mimi shida yangu leo ni nduthi imekwama kwa matope na debe la majani liko nyuma. Nani anaongea hiyo? La pili: wenye show wanacheka joke zao kabla mimi sijaskia. Mnatunyima kazi.

Data: hesabu ndogo ya kukuokoa

Hii ni muhimu juu bando haikui kwa mti. Sauti ya kawaida ya 128 kbps inakula kama MB 58 kwa saa moja. Ukishusha iwe 64 kbps, ni kama MB 29. Video ya kawaida kwa saa hiyo hiyo inaweza kula mara tano ama zaidi. Kwa hivyo kama ni watu wamekaa tu wanaongea, kwa nini unalipia kuona ukuta wao? Chukua sauti pekee. Pakua usiku ukiwa mahali kuna Wi-Fi, kwa rafiki ama kwa duka la sayba, kisha skiza mchana bure.

Chinsoni: kanuni ya kuskiza ukiwa nyumbani

Hii huwezi kuipata kwa mwongozo wa Nairobi. Sisi Abagusii tuko na kitu inaitwa chinsoni. Ni heshima ya aibu kati ya kizazi na kizazi. Baba na kijana wake hawawezi kukaa pamoja mambo ya kitandani yakitajwa. Hata joke. Hata kwa mzaha wa redio. Mmoja lazima atoke, ama redio izimwe.

Sasa fikiria uko sebuleni na mzee, kisha podikasti inaruka kutoka kwa siasa hadi kwa mambo ya chumbani bila kupiga hodi. Bro, utatafuta kazi ya kufanya nje. Utaenda kuangalia ng'ombe hata kama hamna ng'ombe. Ndio maana gengetone haijawahi kuingia sebuleni kwetu. Lamba Lolo ya Ethic ilipotoka 2018, nchi nzima iliiimba, lakini Kebirigo iliimbwa kwa kinyozi, kwa stage ya nduthi na kwa disko matanga. Si mbele ya mzee.

Lakini skiza hii sehemu ya pili, ndiyo tamu. Chinsoni inakaza kati ya mzazi na mtoto. Kati ya babu ama nyanya na mjukuu, inalegea kabisa. Hao wako huru kutaniana. Magokoro wangu, ndio tunamuita nyanya hivyo, alikuwa ananiita mume wake mbele ya watu, ananiuliza mbona silipi mahari ingine na yeye amezeeka akiningoja. Mimi namwambia nimepata msichana mdogo, wa miaka sabini tu. Tunacheka mpaka anashika mgongo.

Kwa hivyo kama unatafuta komedi safi ya Gusii, chafu kidogo lakini yenye adabu zake, usiitafute kwa wenye umri wa baba yako. Ruka kizazi kimoja.

Kanuni kwa kifupi: ukiwa na wazae, weka gospel ama habari. Ukiwa peke yako, earphone. Ukiwa na nyanya, zima simu kabisa, yeye ndiye show.

Muvi: tatu za kuanzia

Nairobi Half Life, 2012, ya David "Tosh" Gitonga. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa ocha anayeuza muvi na kuigiza vipande vyake mbele ya wateja. Anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, anapata ujambazi. Kila soko la hii nchi liko na Mwas wake. Sisi wetu alikuwa na meza ya CD karibu na stage, na alikuwa anaweza kufanya sauti zote. Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora kule Durban kwa hii kazi, na muvi yenyewe ikawa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuomba Oscar ya lugha za kigeni. Ukiicheki, usiangalie bunduki. Angalia zile dakika za kwanza kijijini. Hapo ndipo moyo wake uko.

Supa Modo, 2018, ya Likarion Wainaina. Jo ni msichana mdogo mgonjwa wa kufa, anapenda muvi za mashujaa wanaopaa. Kijiji kinaamua kumtengenezea muvi yake mwenyewe. Nilienda kuicheki nikijiambia mimi ni mwanaume wa Kebirigo, silii. Nililia. Wenye walikuwa kando yangu walilia. Iko na kicheko pia, na ile hall ya video ya kijiji utaijua mara moja.

Who Killed Captain Alex?, nimeshaitaja. Cheki na mbogi, kwa sauti kubwa, mtu mmoja awe anarudia maneno ya VJ. Usiiwaze sana. Ni muvi ya watu walioamua hawangoji pesa.

Utaona zote tatu ziko na kitu moja: ni muvi juu ya watu wanaopenda muvi. Nimezichagua hivyo makusudi. Kama wewe ni shabiki, jicheki kwanza.

Ngoma: kutoka obokano hadi Shinski

Kabla ya gitaa kulikuwa na obokano. Ni kinubi kikubwa cha Abagusii, nyuzi nane, sauti nzito ile inaingia kwa kifua kabla ya sikio. Ukiskia besi ya ngoma za siku hizi ukadhani ni kitu kipya, tafuta mzee mmoja anayepiga obokano, ukae karibu, kisha turudi tuongee. Mpigaji hakuwa anacheza tu. Alikuwa anaimba habari: nani ameoa, nani ameiba, chifu gani amefanya nini. Unaona hapo? Podikasti tena.

Benga ikaja, ile mizizi yake iko kwa majirani zetu Wajaluo, na sisi tukaipatia Ekegusii. Jina la kujua ni Christopher Monyoncho, marehemu. Ukiweka Monyoncho kwa harusi ya Nyamira, hata yule mzee alikuwa amesema goti linauma utamuona katikati. Gitaa lake linaongea na wewe kama jirani. Ukianza na mtu mmoja kwa benga ya Gusii, anza na yeye.

Kisha Nyashinski. Jina halisi Nyamari Ongegu, na ukiskia hilo jina hauhitaji kuuliza asili yake. Mwanzo wa 2000 alikuwa Kleptomaniax na Collo na Roba. Akapotea Marekani kwa karibu mwongo mzima. Akarudi 2016 na Now You Know, mwaka huo huo akatoa Mungu Pekee, na 2020 akatoa albamu ya Lucky You. Somo lake kwa kijana wa hapa: unaweza kunyamaza miaka kumi na urudi kama hukuenda. Lakini lazima urudi na kitu.

Na sasa Embarambamba. Najua ulikuwa unangoja. Mwimbaji wa gospel kutoka Nyamira, anaruka kutoka kwa miti, anajigaragaza kwa matope, anaimba akiwa hewani. Watu wamegawanyika. Kanisani wanasema anaaibisha injili, mtaani wanasema anabamba. Mimi nasema hivi: msee ni mcheza sarakasi mkali mwenye alizaliwa mahali hakuna sarakasi. Video zingine zimevuka mpaka, sitamtetea hapo, na chinsoni inavunjika vipande. Lakini kuna kitu moja inanikera: watu wakimcheka, hawacheki yeye pekee. Wanaandika chini, "Wakisii bana." Na hapo ndipo tunafika kwa ile kitu ya nne.

Utani wa kuacha

Kila jamii Kenya iko na joke yake. Za kwetu ni tatu: hasira, ndizi na uchawi. Ya hasira, sawa, hata sisi tunaichapa. Ya ndizi, karibu ule. Ya uchawi ndiyo nataka tuongee.

Mei 2008, watu kumi na moja, wengi wao wazee sana, walichomwa hadi kufa huku Gusii, wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, kaunti ya Kisii, kwa madai yale yale. Hizo ni mbili zilizofika kwa habari za taifa. Ukiuliza wenyeji, watakuambia mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna kipande cha shamba, ama mjane hana mtoto wa kumtetea, ama kifo cha kijana ambacho hakuna mtu alitaka kukubali ni ugonjwa. Kenya iko na sheria ya uchawi tangu 1925, na hiyo sheria haimlengi tu anayejifanya mchawi. Kumwita mwenzako mchawi hivi hivi pia ni kosa.

Sasa nikuambie yangu. Miaka kadhaa iliyopita kuna klipu ilizunguka kwa WhatsApp. Mchekeshaji, sitamtaja, anaigiza nyanya wa Kisii usiku. Lafudhi, kitambaa kichwani, anazunguka nyumba. Ilikuwa fiti, sitadanganya. Nilicheka. Nikaituma kwa grupu ya kijiji. Mimi mwenyewe, kwa kidole changu.

Krismasi nikaenda nyumbani. Magokoro alikuwa anaishi peke yake, juu ya shamba la chai. Watoto wa jirani walikuwa wamezoea kupitia kwake wakitoka shule, anawapea maji ama ndizi. Nikamuuliza mbona siku hizi kumetulia. Akasema hawaji. Nikauliza kwa nini. Akachukua kile kitambaa chake, akakifunga vile yule jamaa wa klipu alikuwa amekifunga, akazunguka kiti mara moja polepole. Kisha akakaa. Akaniambia, "Mume wangu, wewe pia umeiona?"

Alikuwa anachapa joke. Alikuwa bado ananichekesha. Mimi sikuweza kucheka, na sikuweza kumwambia nani aliituma.

Hakuna kitu mbaya ilimpata, nashukuru Mungu. Alienda kwa uzee wake, kitandani mwake. Lakini ile miezi ya mwisho alikuwa anafunga mlango mapema sana.

Kwa hivyo msomaji, mimi si polisi wa kicheko. Endelea kucheka lafudhi yetu. Lakini rudi kwa ile kanuni ya Redykyulass: anacheka nani? Nyambane alimcheka rais mwenye jeshi. Yule wa klipu alimcheka mwanamke mzee anayelala peke yake. Redykyulass walihitaji roho ngumu. Huyu wa klipu alihitaji kitambaa tu. Ikikufikia, usiitume. Ni kitu ndogo, haikugharimu hata MB moja.

Maneno ya kujua ukija Kebirigo

Bwakire: salamu ya asubuhi.
Mbuya mono: poa sana.
Tata: baba.
Baba: mama. Ndio, umesoma vizuri. Ukiskia msee wa Kisii akimwambia mwanamke "baba" kwa simu, hajachanganyikiwa.
Magokoro: nyanya.
Sokoro: babu.
Omogaka: mzee wa heshima.
Chinsoni: nimekuambia.

Anza hivi

Wiki ya kwanza: stori moja ya Abel Mutua, sauti pekee, ukiwa njiani.
Wiki ya pili: Nairobi Half Life jioni, na usiku wa siku hiyo tafuta DJ Afro yoyote. Linganisha Mwas na DJ Afro. Utaona ni mtu mmoja.
Wiki ya tatu: Monyoncho nyimbo tatu, kisha Nyashinski nyimbo tatu, bila kuruka.
Wiki ya nne: kama nyanya yako yuko hai, nenda. Beba sukari na majani. Weka simu kwa meza, bonyeza kurekodi, mwambie inarekodi, kisha muulize maswali matatu: nani alikuwa mchekeshaji wa kijiji ukiwa msichana? Ngoma gani ilichezwa siku ya harusi yako? Babu alikutongoza vipi? Hilo la tatu usiulize kama mzee wako yuko karibu.

Saa moja ni MB 29. Iko nafasi kwa simu yako. Mimi ya kwangu sikurekodi.